Msaada: Kutoka Schiphol hadi ofisi za Elsevier pale Radarweg 29, Amsterdam, mnapitaje?

Mgeta_Juu

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba msaada kwa waliowahi kufika Amsterdam. Mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja hapa Morogoro, mambo yangu ni udongo na mazao ya mizizi. Jarida moja la Elsevier, wale wachapishaji wa majarida ya kitaaluma, liliniingiza kwenye bodi ya wahariri, na sasa wameitisha kikao cha ana kwa ana ofisini kwao. Ni Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi. Tiketi wamelipa wao, hoteli wamelipa wao, ila kuhusu kutoka uwanja wa ndege hadi ofisini wameandika sentensi moja tu: tumia usafiri wa umma, ni karibu. Karibu ya Mzungu mnaijua wenyewe.

Anwani nimeitoa kwenye ukurasa wa jarida: Radarweg 29, S.L.P. 211, 1000 AE Amsterdam. Nikiandika Radarweg ramani ya simu inanionyesha magharibi ya mji. Nikiandika 1000 AE inanizungusha tu, haitulii. Ipi ni ipi? Ndege ni KLM, inatua Schiphol alfajiri. Nachukua teksi au treni? Na kama ni treni nashukia wapi, maana naona Amsterdam ina stesheni utitiri.

Teksi ya Msamvu najua namna ya kupatana nayo bei. Ya huko siijui.

Mtoto_wa_Delft

Hongera mkuu, bodi ya wahariri si jambo dogo.

Tuanze na hiyo anwani. 1000 AE ni ya sanduku la barua, haina mlango. Uholanzi kila kipande cha mtaa kina msimbo wake wa tarakimu nne na herufi mbili, na masanduku ya posta nayo yana misimbo yake ya pembeni. Mlango wa Radarweg 29 ni 1043 NX. Andika kwenye simu "1043 NX 29" basi, utafikishwa kizingitini. Majarida yamekuwa yakichapa anwani ya barua miaka nenda rudi kwa sababu zamani miswada ilikuja kwa posta, na wengi wanaotaka kwenda wenyewe wanakwama hapohapo.

Teksi achana nayo. Stesheni ya treni iko chini ya uwanja wa ndege. Ukimaliza mizigo na forodha unatokea kwenye ukumbi mkubwa unaoitwa Schiphol Plaza, majukwaa ya treni yako chini ya miguu yako. Huvuki barabara, hutoki nje kunyeshewa.

Unapokwenda panaitwa Amsterdam Sloterdijk. Shika hilo jina zaidi ya jina la Amsterdam, kwa sababu ubaoni utaona Amsterdam Zuid, Amsterdam Centraal, Amsterdam Lelylaan, na kila moja iko upande wake. Treni za Zuid zinaelekea kusini mwa mji, ukipanda hiyo umepotea kwa heshima kabisa, umekaa kwenye kiti safi. Ya kwako ni ile ambayo orodha ya vituo vyake ina neno Sloterdijk. Nyingi kati ya hizo zinaendelea Centraal. Chunga zile zilizoandikwa Intercity Direct, nazo zinakwenda Centraal lakini Sloterdijk zinapita bila kusimama. Zinazosimama zinatumia dakika kumi na kidogo hivi, na kabla yake utasikia Lelylaan ikitajwa. Ukisikia Lelylaan, simama uchukue begi lako.

Kutoka Sloterdijk hadi mlangoni ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa mara ya kwanza katika historia, Mzungu kasema karibu na ni karibu kweli.

Binti_Shangani

Ahsante Mtoto wa Delft, umeeleza ukaelezeka. Niongeze moja kuhusu hiyo stesheni ya Sloterdijk, kwani mimi ndiyo niliyokuwa nikipita kwenda kazini.

Reli pale zinapishana, nyengine juu nyengine chini, kama msalaba. Zile za kwenda na kutoka Centraal na Haarlem ziko chini. Za kutoka Schiphol kwenda Zaandam moja kwa moja ziko juu, na metro nayo iko juu. Kwa hivyo ukiulizia njia, mtu akakwambia "shuka ngazi" na wewe tayari uko chini, usimwone mwongo. Tazama kwanza umeshukia ghorofa gani. Toka mpaka ukumbi wa stesheni, hapo ndipo ufungue ramani, usiifungue jukwaani. Jukwaani mshale wa simu unazunguka kama tiara.

Halafu baiskeli. Ukitoka nje utaona njia zimepakwa rangi ya wekundu wa kutu. Hizo si za miguu. Mtu anakuja na kasi, kapakia watoto wawili kwenye sanduku la mbele, na kengele yake hailii mara mbili. Tembea pembeni, na kabla ya kuvuka tazama kote kote, hata pale usipoona gari.

Kamau_Ruiru

Niko hapa nasoma kwa sababu nami nina safari mwezi ujao, ingawa yangu ni ya mkutano Utrecht. Swali la pesa: hiyo treni unalipia wapi? Nimeambiwa kuna kadi fulani ya usafiri lazima ununue. Na hii kadi yangu ya benki ya hapa Nairobi itakubali?

Mtoto_wa_Delft

Kamau, hilo la kununua kadi ni habari ya zamani. Tangu 2023 unatumia kadi ya benki ya kawaida nchi nzima, treni, metro, tramu na basi, ilimradi iwe Visa au Mastercard yenye ile alama ya mawimbi ya kugusisha. Unaigusisha kwenye geti au kwenye nguzo kabla ya kupanda, au mlangoni ndani kama ni tramu au basi, na unaigusisha tena ukishuka. Nauli inahesabiwa yenyewe.

Hapo kwenye kugusisha wakati wa kutoka ndipo pesa za wageni zinapokwenda. Usipofanya hivyo mfumo haujui ulishukia wapi, unakukata kiasi kikubwa kuliko safari yenyewe. Na kadi iwe ileile. Ukiingia na kadi ya plastiki ukatoka na simu, hata kama ni akaunti moja, mfumo unaona ni watu wawili: mmoja hakutoka, mwingine hakuingia.

Jambo lingine linalowachanganya: treni ni za NS, kampuni ya reli, lakini metro, tramu na mabasi ya ndani ya Amsterdam ni ya kampuni nyingine, GVB. Ukishuka kwenye treni ukataka metro, unatoka kwanza kwa huku halafu unaingia kwa kule, hata kama vifaa viko hatua kumi. Angalia rangi na jina kwenye nguzo kabla hujagusisha.

Kuhusu benki yako, ipigie kabla ya safari uwaambie waifungue kadi kwa matumizi ya nje na ya kugusisha. Ile kadi ya Visa ya kwenye simu inayotolewa kwa manunuzi ya intaneti usiitegemee getini. Ikikataa yote, kuna mashine za tiketi pale Plaza, ila tiketi ya karatasi ya safari moja ina nyongeza juu ya nauli.

Kamau_Ruiru

Shukran bwana. Hapo kwa kugusa mara mbili nimeshika.

Mama_Viza

Mnashangilia treni na mtu bado yuko Morogoro. Mgeta, viza umeomba?

Hiyo ni viza ya Schengen ya muda mfupi, na kwa kuwa kikao kiko Uholanzi unaomba Uholanzi, usisikilize watu wanaokutuma ubalozi mwingine eti ni mwepesi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Hizo siku 15 ndizo muda wa kawaida wa kushughulikia, na zinaweza kuongezwa. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya kuanzia yuro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen.

Lakini kinachobeba maombi ni barua ya mwaliko. Ile barua pepe ya "tunafurahi kukualika" yenye picha ya maua haitoshi. Waandikie wakupe barua rasmi yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za kikao, anwani ya ofisi ya kutembelewa (1043 NX, siyo hilo sanduku la posta), na sentensi inayosema wazi nani analipa nauli, nani analipa hoteli, nani analipa chakula. Mwajiri wako naye aandike kwamba wewe ni mtumishi wake, umepewa ruhusa, na unarudi kazini. Barua mbili zikisema tarehe tofauti hata kwa siku moja, umejitafutia maswali.

Nakala za hizo barua safiri nazo mkononi, usiziweke kwenye begi la chini. Afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza upya yote uliyoulizwa dirishani. Na tangu Oktoba 2025 wameanza kupiga picha na kuchukua alama za vidole za wageni mpakani, hivyo usijipangie kwamba ukitua tu dakika ishirini baadaye uko kwenye treni.

Mgeta_Juu

Mama Viza, nimeomba, na barua ya mwajiri ninayo. Ya mwaliko naiandikia leo hii waibadilishe, maana waliyonipa ina lile sanduku la posta. Mungu akubariki.

Kisu_Butu

Nauliza kwa nia njema kabisa. Hawa jamaa unahariri jarida lao, unapitia makala za wenzako, karibu bure. Makala yenyewe imeandikwa na mtafiti aliyelipwa na serikali. Halafu chuo chako kinatakiwa kulipa ili kisome kilichoandikwa. Na wewe unafunga safari kwenda kuwasalimia! Si bora wangekuja wao Morogoro?

Mgeta_Juu

Kisu, nimeomba njia, sikuomba mahubiri 😂

Mzee_Kibaha

Mwacheni Kisu, swali lake ni la halali na wakubwa wameliuliza kabla yake. Mwaka 2012 Timothy Gowers, mwanahisabati wa Cambridge aliyepata nishani ya Fields, alitangaza hadharani kwamba hatachapa tena wala kupitia makala katika majarida ya Elsevier, na maelfu ya watafiti wakaweka saini zao kuunga mkono. Hoja zao zilikuwa hizohizo: bei na faida.

Ila upande wa pili nao upo. Elsevier walikuwa miongoni mwa wachapishaji 6 walioanza na Shirika la Afya Duniani mpango wa Hinari mwaka 2002, ambao leo uko chini ya mwavuli wa Research4Life. Kwa vyuo vya Tanzania huo ndio mlango ambao wengi wetu tulipitia kusoma majarida ambayo bajeti ya maktaba isingeweza kuyagusa. Na kwa majarida ya wazi kabisa, yale yanayosomwa bure mtandaoni, waandishi wa nchi zilizo kundi la kwanza la mpango huo, Tanzania ikiwemo, husamehewa ada ya uchapishaji. Vijana hawalijui hili, wanaona ada ya maelfu ya dola wanafunga kompyuta. Mgeta, ukiwa kikaoni hilo ndilo la kulisemea: waliandike kwa herufi kubwa palepale kwenye ukurasa wa kuwasilisha makala.

Binafsi ningekwenda. Mwafrika akikosa kwenye meza inayoamua kipi kichapwe, makala za mihogo zitapimwa na mtu ambaye muhogo ameuona dukani tu.

Na kama utapata nafasi ya siku moja ya ziada, panda treni uende Leiden. Kutoka Schiphol ni karibu robo saa hivi. Hapo ndipo jina la Elsevier lilipoanzia. Louis Elzevir alianza biashara ya vitabu Leiden mwaka 1580, jirani na chuo kikuu. Mwaka 1638 nyumba hiyo ya Leiden ndiyo iliyochapa kitabu cha mwisho cha Galileo kuhusu sayansi mbili mpya, wakati mwenyewe amefungiwa nyumbani kwake karibu na Florence na Roma imepiga marufuku maandishi yake. Muswada ulitoroshwa hadi Uholanzi. Hebu fikiria usafiri wa muswada huo, nanyi mnahangaika na treni ya dakika kumi.

Kampuni ya sasa si ya ukoo huo, hawakuwa hata ndugu. Ilianzishwa Rotterdam mwaka 1880, ikaazima jina na nembo ya mzee aliyesimama chini ya mti uliozungukwa na mzabibu, kisha ikahamia Amsterdam mwaka 1887. Baadaye wakaungana na Reed ya Uingereza mwaka 1993, na tangu 2015 kampuni mama inaitwa RELX.

Binti_Shangani

Mzee Kibaha, na Leiden wamesomesha Kiswahili miaka mingi vilevile. Ukipita pale chuoni usishangae kijana wa Kidachi akakuamkia shikamoo.

Ilunga_Bxl

Jambo wandugu. Mimi niko Brussels, nimetokea Lubumbashi. Naandika kwa wale watakaotokea upande wetu, maana si wote wanashukia Schiphol.

Ukichukua Eurostar kutoka Brussels, Paris au London unafikia Amsterdam Centraal. Pale unapanda treni yoyote inayosimama Sloterdijk, ni kituo kimoja tu, hata kiti hakijapata joto. Lakini kuna treni nyingine ya bei nafuu, EuroCity Direct, ilianza Desemba 2024. Hiyo haiendi Centraal, inakwenda upande wa Zuid. Hapo usirudi Centraal kwa kuzunguka. Pale Zuid panda metro namba 50 au 51 inayoandikwa Isolatorweg, ushukie kituo cha Station Sloterdijk. Isolatorweg yenyewe ndiyo mwisho wa njia, ukiona watu wote wanashuka na dereva anatoka, umepitiliza.

Mitaa ya kule imebatizwa na fundi umeme, nadhani: Radarweg, Isolatorweg, Transformatorweg. Ni sehemu ya ofisi. Usitegemee mifereji na nyumba zile nyembamba za kwenye picha.

Na gari acheni. Mimi nilikwenda na la kwangu, ile pesa ya maegesho ningekula samaki wiki nzima.

Mjukuu_wa_Ujiji

Samahani kuingilia uzi. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nimepata barua pepe kutoka "mchapishaji wa kimataifa" wananiita profesa, wanasema makala yangu imekubaliwa ndani ya siku tatu, nilipe ada, na nikitaka naweza kutembelea ofisi yao Ulaya, wameweka na anwani. Je, hii ndiyo kama ya Mgeta?

Mzee_Kibaha

Mwanangu, wewe si profesa bado, na wao wanajua. Kazi inayopitiwa na wataalamu haikubaliwi kwa siku tatu. Watu watatu wenye shughuli zao wasome, waandike maoni, mhariri apime, urekebishe, irudi. Miezi.

Anwani si ushahidi. Chukua hiyo anwani uiweke kwenye ramani uone kuna nini: mara nyingi ni jengo la kukodisha sanduku la barua, au nyumba ya mtu. Kisha, kama linajiita la wazi, litafute jarida lenyewe kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya wazi, angalia majina ya bodi ya wahariri, mwandikie mmoja wao kupitia barua pepe ya chuo chake, umuulize kama anajua yumo. Kuna pia orodha ya maswali ya kampeni ya Think. Check. Submit., isome jioni moja.

Na tuweke wazi kwa wote: hakuna mchapishaji wa maana anayemtaka mwandishi aende ofisini kuwasilisha makala. Kila kitu ni mtandaoni. Wanaofika Radarweg ni wahariri, watu wa maktaba, wasambazaji, wanaotafuta kazi, na wageni wenye miadi. Ukienda bila miadi kwamba unaulizia makala yako imefikia wapi, utakutana na mapokezi yenye tabasamu na hutapita hapo.

Mjukuu_wa_Ujiji

Nimeiweka kwenye ramani kama ulivyosema. Ni duka la kutengeneza kucha.

Kisu_Butu

😂😂😂 Nenda, angalau utatoka na kucha.

Mtoto_wa_Delft

Turudi kwenye njia. Mgeta, mambo machache ambayo watu husahau.

Saa. Uholanzi wako nyuma yetu saa moja wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi. Simu itajirekebisha, saa ya mkononi haitajirekebisha. Na huko wakisema saa tatu na nusu kikao kinaanza, ina maana kahawa imeshanyweka. Fika mapokezi robo saa kabla, na kitambulisho, na jina kamili la mwenyeji wako na namba yake ya simu. Kusema "nimekuja kikao cha jarida" hakusaidii, kampuni hiyo ina majarida zaidi ya elfu mbili.

Hoteli. Kuzunguka stesheni ya Sloterdijk kuna mahoteli kadhaa, na kwa kawaida bei zake ni nafuu kuliko za mjini kati. Kama wamekuwekea mjini, si shida, treni ni zilezile. Waulize tu kama wamelipia na kodi ya wageni, kwa sababu Amsterdam tangu 2024 inatoza asilimia 12.5 ya bei ya chumba na kuna hoteli zinazoidai mezani siku ya kuingia.

Reli nayo ina siku zake. Wikendi na usiku hufanya ukarabati, treni zinakatwa, yanawekwa mabasi. Usiku wa kuamkia safari fungua programu ya NS uandike Schiphol Airport hadi Amsterdam Sloterdijk na saa unayotaka kufika. Itakupa na namba ya jukwaa. Ikibadilika dakika za mwisho, amini ubao wa pale stesheni kuliko simu.

Mgeta_Juu

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi wengine inbox.

Nilitua asubuhi ya Jumanne, siku moja kabla, na nashukuru nilifanya hivyo. Foleni ya pasipoti ilikuwa ndefu kwelikweli. Yule afisa alisoma barua ya mwaliko neno kwa neno, kisha akauliza, "Mihogo?" Nikamwambia mihogo. Akanirudishia pasipoti.

Plaza nilipaona mara moja. Nilichofanya, nilisimama chini ya ubao mkubwa nikasoma vituo vyote vya kila treni kabla ya kusogea, watu wananipita kulia na kushoto na mabegi yao. Treni mbili za mwanzo hazikuwa na neno Sloterdijk. Ya tatu ilikuwa nalo. Kadi ya benki iligusa geti likafunguka bila maneno, nami nikaishika mkononi njia nzima nisije nikaichanganya na ile nyingine.

Sloterdijk nilishukia chini. Upepo wa pale ukitoka nje ya ukumbi, jamani, chukueni koti hata kama jua linawaka. Binti Shangani, baiskeli nilizikuta. Nilisimama nikangoja zipite, zikawa haziishi, mpaka mama mmoja mtu mzima akanishika kiwiko tukavuka wote.

Siku hiyohiyo nilitembea hadi mlangoni Radarweg 29, nikageuka nikarudi hoteli. Nilitaka miguu iijue njia kabla ya kichwa kuwa na mawazo ya kikao. Jumatano nilifika mapema nikakuta wenzangu wawili, mmoja wa Kolombia mmoja wa Vietnam, wamesimama nje wanabishana kama ndipo au sipo. Mmoja wao ramani yake ilikuwa na 1000 AE.

Mzee Kibaha, la msamaha wa ada nililisema. Waliandika. Tutaona. Leiden nilikwenda Alhamisi, nikatembea kando ya mfereji wa Rapenburg hadi kwenye jengo la zamani la chuo. Kijana wa kuniamkia shikamoo sikumpata.

Mama_Viza

Ndiyo maana nawaambia mfike siku moja kabla. Safi sana.

Daktari_wa_Kijiji

Uzi mzuri. Mimi mwenzenu mwaliko wangu ni wa jarida la The Lancet, nalo nimeambiwa ni la hawahawa Elsevier. Ina maana nami nakwenda hapo Radarweg?

Ilunga_Bxl

Hapana daktari. The Lancet wako London, 125 London Wall. Lilianzishwa hukohuko mwaka 1823, Elsevier walilinunua baadaye sana. Soma barua yako tena, tazama mji.

Mama_Viza

Na Uingereza haimo Schengen, viza ni nyingine, fomu nyingine, ada nyingine. Hiyo ya Uholanzi haitakufikisha.

Binti_Shangani

Daktari, ukitua Heathrow panda Elizabeth line inayoelekea mjini, ushukie Liverpool Street. Stesheni hiyo ni ndefu, ina mlango wa pili upande wa magharibi unaotokea Moorgate. Fuata vibao vya Moorgate ukiwa bado chini, usitokee Liverpool Street yenyewe, utajiongezea mwendo bure. Kutoka Moorgate ni hapo kwa hapo kwa miguu. Kadi ni mambo yaleyale, gusisha ukiingia, gusisha ukitoka, kadi moja.

Daktari_wa_Kijiji

Nimesoma barua tena. Ni London. Naanza fomu upya.